Kongamano la watengeneza programu: kwa nini waliojiandikisha hawakufika, na maswali mengine ya wasomaji

Mwezi huu barua kadhaa zilizofika katika safu hii zimetoka Kaskazini, na zote zinahusu jambo moja: namna ya kuandaa kongamano la kila mwaka la watengeneza programu za kompyuta na simu, na namna ya kulitangaza. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila tatizo ambalo wengine wameligusa.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, sisi ni vijana saba wa hapa Arusha tunaotengeneza tovuti na programu za simu, baadhi yetu tukiwa tumeajiriwa na kampuni za utalii na wengine tukijitegemea. Mwaka jana, mwezi Oktoba, tuliandaa kongamano letu la kwanza la siku mbili, bila kiingilio. Walijiandikisha watu 240, tukalipia chakula cha watu 200, wakafika 96. Mwaka huu tunataka kulifanya tena. Wenzangu wanasema kosa lilikuwa matangazo machache, hivyo tutenge fedha za matangazo ya mitandaoni na bango kubwa karibu na Mnara wa Saa. Mimi nina wasiwasi. Tutangaze vipi ili watu wafike kweli? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji wa Njiro, wasiwasi wako una msingi, na hesabu uliyoileta inauthibitisha. Watu 240 waliliona tangazo lenu, wakalielewa na wakajaza fomu. Maana yake tangazo lilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni sababu ya kumfanya mtu aombe ruhusa kazini au aache darasa ili aje kukaa ukumbini siku mbili. Bango la Mnara wa Saa lingewaongezea majina kwenye orodha, na huenda lingeongeza viti vitupu vilevile.

Nimekaa katika kamati za mikutano ya aina hii kwa miaka kadhaa, na ninaamini kwamba kuandaa kongamano na kulitangaza ni kazi moja. Kila tangazo linalostahili kutolewa ni taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa: tarehe isiyobadilika, ukumbi uliokwisha kulipiwa malipo ya awali, bei ya tiketi, majina ya watoa mada waliokubali kwa maandishi, ratiba yenye saa. Kamati ambayo haijaamua kitu hubaki kurudia picha ileile kwenye makundi ya WhatsApp kila wiki, na wasomaji wake huzoea kuipita bila kuitazama. Kwa hiyo badala ya kuniuliza mtangaze vipi, naomba nikuulize mna nini cha kutangaza.

Tuanze na kiingilio, kwa sababu hapo ndipo sahani zenu 104 zilipopotelea. Kongamano la bure linawezekana. Mjini Brussels, Ubelgiji, kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari hufanyika FOSDEM, mkutano wa watengenezaji wa programu huria uliobuniwa mwaka 2000. Hauna kiingilio wala fomu ya kujiandikisha, na hukusanya maelfu ya watu. Lakini hufanyika katika majengo ya chuo kikuu, na waandaaji hawamlishi mshiriki. Mwenye njaa hununua chakula chake mwenyewe. Akija mmoja au wakija mia, mfuko wa kamati hautikisiki. Ninyi mlifungua mlango bure na papo hapo mkajifunga kwa idadi ya sahani, na mambo hayo mawili hayakai pamoja. Ama mfute chakula na muwaelekeze washiriki kwa mama lishe wa karibu, jambo ambalo si aibu hata kidogo, ama mtoze kiingilio. Kwa Arusha ningetoza. Mtu aliyelipa shilingi 30,000 kwa simu yake wiki sita kabla ana kitu cha kupoteza, na ataomba ruhusa mapema. Mruhusuni kumpa mwingine tiketi yake asipoweza kuja, lakini msiahidi kurudisha fedha katika wiki mbili za mwisho, kwa kuwa wakati huo mtakuwa mmekwisha kumlipa mpishi. Kwa wasio na uwezo, tengeni tiketi chache za kuombwa kwa maelezo mafupi. Mtu aliyeandika aya moja kueleza kwa nini anataka kuja huwa hakosi.

Sasa bajeti. Nitatumia tarakimu za mfano tu, ninyi mtaweka zenu. Tuchukulie kwamba ukumbi wa siku mbili ni shilingi 2,400,000, sauti na projekta 1,000,000, mtandao wa ziada 900,000, nauli na malazi ya watoa mada sita wanaotoka mbali 3,000,000, na vitambulisho, mabango na usafi 700,000. Jumla ni 8,000,000, na fedha hizo mtazilipa hata akija mtu mmoja. Kisha kuna gharama ya kila kichwa: chai, chakula cha mchana na maji kwa siku mbili, tuseme 50,000. Wakilipa washiriki 150, hiyo ni 7,500,000. Watoa mada na wahudumu wa kujitolea 20, ambao hawalipi kitu lakini wanakula, wanaongeza 1,000,000. Tumefika 16,500,000. Wekeni asilimia 10 ya dharura, inakuwa 18,150,000. Upande wa mapato, tuseme wenye ajira 60 wanalipa 70,000 kila mmoja na wanafunzi 90 wanalipa 30,000: jumla 6,900,000. Pengo ni 11,250,000, nalo lazima litoke kwa wadhamini.

Naomba uitazame hesabu hiyo mara ya pili, kwa maana ndani yake kuna jambo ambalo kamati nyingi hulitambua zikiwa zimechelewa. Mkifanikiwa kuongeza wanafunzi 30, mapato yanaongezeka kwa 900,000 lakini gharama pamoja na dharura yake zinaongezeka kwa 1,650,000, na pengo linakuwa 12,000,000 kamili. Kila mwanafunzi mnayemkaribisha anahitaji mdhamini wa shilingi 25,000. Hilo si sababu ya kuwapunguza wanafunzi, kwa kuwa kongamano la watengeneza programu lisilo na wanafunzi litakosa watu baada ya miaka michache. Ni sababu ya kumwendea mdhamini ukiwa na ombi linaloeleweka: "Shilingi 750,000 zako zitawaketisha wanafunzi 30." Mdhamini hulielewa ombi hilo haraka kuliko vifurushi vya dhahabu, fedha na shaba ambavyo kila mtu humpelekea.

Wengi wetu tumejifunza kuandaa shughuli katika kamati za harusi, na ni shule nzuri. Huko tumejifunza tofauti ya ahadi na fedha taslimu, na tumezoea kumwona mweka hazina akisoma hesabu mbele ya kikao. Chukueni desturi hiyo kama ilivyo, na msihesabu ahadi ya mdhamini kuwa fedha mpaka iingie. Lakini harusi haina mwaka wa pili. Kamati ikivunjwa na madeni yakalipwa, hakuna anayeuliza daftari lilipo. Kongamano la kila mwaka linaishi ndani ya daftari hilo: nani alikuja, nani alilipa mapema, mpishi yupi alichelewa, mada ipi ilijaza chumba hadi watu wakasimama mlangoni. Kama mlikuwa na daftari la mwaka jana, somea hapo kabla ya kikao cha kwanza. Kama hamkuwa nalo, andikeni mnachokumbuka wiki hii.

Mnapouliza bei za kumbi, ombeni proforma inayoonyesha wazi kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo au haimo. Bei isiyo na kodi imezivuruga kamati nyingi dakika za mwisho. Hoteli za mji wa kitalii kama Arusha zilizoea kutaja bei kwa dola, lakini kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza kutoza huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hivyo dai bei ya shilingi bila kuona haya. Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila malipo, kwa sababu mdhamini makini ataziomba. Kumbi za Kituo cha Kimataifa cha Mikutano Arusha, AICC, zina heshima yake, lakini Ukumbi wa Simba unaopokea zaidi ya watu elfu moja utawameza watu 150. Vyumba vidogo vya jengo hilo, au ukumbi wa chuo, vitawafaa zaidi. Arusha ina Chuo cha Ufundi, Chuo cha Uhasibu na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, na mhadhiri mmoja anayelipenda jambo lenu ana nguvu kuliko bango.

Kuhusu tarehe, mmechagua Oktoba, mwezi ambao watalii bado ni wengi, vyumba ni ghali, na nyinyi mlioajiriwa na kampuni za utalii mna kazi nyingi kuliko kawaida. Vyuo navyo ndiyo kwanza vinafunguliwa au bado vimefungwa. Ningefikiria nusu ya pili ya Mei: masika yanapungua, hoteli bado hazijajaa, msimu wa watalii wa Juni haujaanza, na wanafunzi wako madarasani. Angalieni kalenda ya Kiislamu kwanza, kwa kuwa Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na kama siku mojawapo ni Ijumaa, ratiba iache nafasi ya kutosha adhuhuri. Mkiipata tarehe, itangazeni miezi minane kabla, na msiiguse tena.

Tangazo la pili liwe wito wa mada, miezi sita kabla. Hapa ningewasihi mtumie nguvu nyingi, kwa sababu wito wa mada ni tangazo bora kuliko yote: kila anayeomba kutoa mada ataitaja kwa wenzake watano, na akikubaliwa atawaleta. Fomu iwe fupi. Iulize kichwa cha mada, maelezo ya aya moja, anayekusudiwa ni nani, na msikilizaji ataondoka anajua nini. Katika hatua ya kwanza ya uchujaji ficheni majina, ili mada isomwe kabla ya umaarufu wa mtu. Jibuni wote siku moja, na wale mliowakataa waandikieni sentensi mbili za kweli kuhusu kilichopungua. Mwanafunzi aliyekataliwa kwa heshima atakuja kama mshiriki na ataomba tena mwakani. Aliyenyamaziwa hatakuja tena, na hana kosa.

Lipo jambo dogo ambalo halina gharama yoyote na limewahi kutuletea watu wengi: barua ya kumwombea mfanyakazi ruhusa. Iandikeni nyie, ukurasa mmoja, ielekezwe kwa mwajiri, itaje siku, mada tatu zinazohusu kazi ya ofisi na bei ya tiketi pamoja na risiti. Mtengeneza programu anayeona haya kumwomba bosi wake ataichapa na kuiweka mezani. Andikeni nyingine kwa wakuu wa idara vyuoni.

Fanyeni pia kikao kidogo cha kila mwezi, jioni moja kwa muda wa saa mbili, watu 20 au 30, mada moja na maswali. Huko ndiko watoa mada wapya hujaribu sauti zao, na huko ndiko kamati hupata warithi wake. Sijaona kongamano la mwaka likidumu bila vikao vya namna hiyo, na nimeona vikao hivyo vikidumu bila kongamano.

Siku yenyewe ikifika, mambo mawili huharibu sifa ya mkutano wa watu wa fani yenu: mtandao na umeme. Washiriki 150 wenye simu na kompyuta mpakato ni vifaa 300, ilhali ruta nyingi, yaani vifaa vya kugawa mtandao, zina mgawo wa kawaida wa anwani za ndani (namba ambayo kila kifaa hupewa ili kiingie mtandaoni) usiozidi vifaa 254. Ukumbi ukikuhakikishia kwamba "intaneti ipo," uliza ruta ni ngapi, anwani ni ngapi na laini hiyo mnachangia na nani, kisha nendeni mkaijaribu siku ambayo kuna shughuli nyingine yenye watu. Watoa mada waambiwe mapema waandae maonyesho yanayoweza kuendeshwa bila mtandao. Jenereta iwashwe mbele ya macho yenu kabla ya kusaini mkataba.

Na kuhusu mgeni rasmi, ambaye desturi yetu inamheshimu na inafaa aheshimiwe: mpangieni saa nne na nusu, baada ya mada ya kwanza, ili akipata dharura ya kikazi ukumbi usikae bure ukimsubiri, na akifika akute watu wanafanya kazi.

Mwisho wa yote, msitegemee mfuko mmoja wa nje. Python Software Foundation ya Marekani imesaidia mikutano mingi ya Python, lugha ya kuandikia programu, barani Afrika, lakini Agosti 2025 ilisimamisha kwa muda mpango wake wa ruzuku baada ya fedha za mwaka huo kufikia kikomo. Mikutano iliyokuwa na tiketi, wadhamini wa nyumbani na gharama ndogo ilikuwa na pa kushika.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Moshi. Kila kitu cha teknolojia kinafanyika Arusha, na sisi ni watu wa kupanda Coaster kwenda na kurudi. Tunafikiria kuandaa kongamano letu mwezi Desemba, kwa sababu kaka na dada zetu wanaofanya kazi hiyo Dar es Salaam na nje ya nchi huwa wamerudi nyumbani. Wengine wanashauri tuwaombe wenzetu wa Arusha tuwe tunapokezana, mwaka huu kwao, mwaka kesho kwetu. Unaonaje? (Msomaji wa Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazo la Desemba ni la busara, na nimefurahi kwamba limetoka kwa mtu wa Kilimanjaro anayejua maana ya watu kurudi kuhesabiwa. Lakini mtu aliyesafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam katika basi lililojaa hakuja kwa ajili ya kongamano. Yuko Rombo, Marangu, Kibosho au Machame, ana wazazi, ana kikao cha ukoo, ana mbuzi wa sikukuu, na kuteremka mjini siku mbili mfululizo ni kuwanyima waliomsubiri mwaka mzima. Mwombe nusu siku. Chagueni tarehe 27 au 28, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, watu 50, watoa mada wanne wote wakiwa wa nyumbani, chai na mandazi, basi. Vyuo vikiwa likizoni, ukumbi wa darasa unaweza kupatikana kwa barua ya heshima iliyopelekwa mapema. Tangazo lenu halihitaji kulipiwa. Wapigieni simu wale ambao mnajua watakuwepo, mwanzoni mwa Novemba, kabla hawajapanga siku zao.

Kuhusu kupokezana na Arusha kila mwaka, sishauri. Mkutano mkubwa wa lugha ya Python nchini Marekani, PyCon US, hukaa mji mmoja miaka miwili mfululizo kabla ya kuhama: ulikuwa Salt Lake City mwaka 2022 na 2023, kisha Pittsburgh mwaka 2024 na 2025. Mwaka wa kwanza kamati hujifunza mji, na mwaka wa pili hutumia ilichojifunza. Ninyi mkihama kila mwaka mtakuwa wageni kila mwaka, ingawa ni kilomita 80 tu.

Zaidi ya hayo, Moshi ina sababu yake ya kuwa na mkutano wake. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na mji wenu una Chuo Kikuu cha Ushirika. Programu za mizani ya kahawa, malipo ya wakulima na vitabu vya SACCOS ni kazi halisi zenye watumiaji maelfu mlimani hapo, na pale KCMC kuna kazi za mifumo ya hospitali. Kongamano la programu za ushirika na afya litawapa watu wa Arusha sababu ya kupanda Coaster kuja kwenu. Mkiamua kulikuza, epukeni mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, wakati Kilimanjaro Marathon inapojaza vitanda vya mji mzima.

SWALI: Kampuni moja iko tayari kutudhamini kwa kiasi kikubwa, lakini inataka tuipe orodha ya washiriki wote pamoja na namba zao za simu. Wenzangu kwenye kamati wanaona ni jambo la kawaida. Je, tukubali? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

JIBU: Msikubali. Watu waliwapa namba zao ili wapate tiketi na taarifa za kongamano, na kuzitumia kwa jambo jingine bila idhini yao ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu amweleze mhusika anazichukua kwa kusudi gani, na inamtaka asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kamati isiyo na usajili wowote ijiweke chini ya mwamvuli wa taasisi iliyosajiliwa, jambo ambalo litawasaidia pia kwenye akaunti ya benki na risiti.

Lakini usimrudishie mdhamini neno la "hapana" peke yake, kwa kuwa anachokitaka ni halali: anatafuta wafanyakazi au wateja. Mpeni meza mahali chai inaponywewa, si kwenye korido ya nyuma. Mpeni idadi bila majina: wanafunzi ni wangapi, wenye ajira ni wangapi, wanatumia lugha gani za programu. Wekeni kwenye fomu kisanduku kitupu ambacho mshiriki atakitia alama mwenyewe kama anapenda kutafutwa na wadhamini. Watakaokitia alama watakuwa wachache, nao ndio watakaopokea simu yake kwa furaha. Na ujumbe wake mmoja utumwe na kamati, kwa jina la kamati. Mdhamini akiendelea kushikilia namba za wote, mwacheni aende. Nimeona mkutano mzuri ukikosa washiriki mwaka uliofuata kwa sababu simu zao zilijaa matangazo ya mikopo wiki moja baada ya kufungwa.

Jambo la ndani ya kamati: orodha isikae wazi kwa wanakamati wote. Wawili wanatosha, na mwezi mmoja baada ya kongamano futeni namba za wale ambao hawakuomba kuarifiwa tena.

SWALI: Watoa mada wetu karibu wote huomba watumie Kiingereza, hata ukumbi ukiwa umejaa Watanzania. Maswali yanakuwa mawili matatu, kisha kimya, halafu nje kwenye chai watu wanajadiliana kwa Kiswahili kwa nguvu zote. Tufanye nini, na wageni wa nje tuwaweke wapi? (Msomaji wa Tengeru)

JIBU: Ndugu msomaji, umelieleza tatizo vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani yake. Mjadala wa kwenye chai ndio kongamano lenyewe, na kazi yenu ni kuuingiza ukumbini.

Mtoa mada huchagua Kiingereza kwa sababu alijifunza fani kwa Kiingereza, na anaogopa kwamba maneno yatamwishia katikati ya sentensi. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini haina ukubwa anaoudhani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na mamia ya istilahi yalipatikana. Hakuna anayemtaka mtu aseme "kitanzi" kila mahali ambapo ameona "loop", yaani agizo la kurudiarudia. Msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioko kwenye skrini ni wa Kiingereza kwa asili yake, na ubaki hivyo. Maelezo ya kwa nini aliuandika namna ile, wapi ulimshinda na alirekebisha vipi, hayo ndiyo yanayohitaji lugha ambayo msikilizaji anaweza kubishana nayo.

Kwa mtoa mada anayetetemeka, iwe kwa lugha au kwa ugeni wa jukwaa, mwondoleeni hotuba na mumpe mazungumzo. Juni 2007, mkutano wa TEDGlobal ulipofanyika hapa Arusha, kijana wa Malawi mwenye miaka 19, William Kamkwamba, aliyejenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kijijini kwao, aliletwa jukwaani na kuulizwa maswali mafupi na mwenyeji wa mkutano, huku picha za kinu zikionyeshwa. Majibu yake yalikuwa ya maneno machache tu, na yalitosha. Mshereheshaji anayeijua fani anaweza kufanya hivyo na mwanafunzi yeyote wa Tengeru.

Wageni wa nje wasiwatie wasiwasi mkubwa. Wa Nairobi na Mombasa watawasikia vizuri. Wa Kampala, Kigali na mbali zaidi wapangieni chumba kimoja chenye mada za Kiingereza kwa siku nzima, na ratiba iandike lugha ya kila mada kando ya jina lake, ili mtu achague akijua. DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa mfumo wa Django wa kutengenezea tovuti, ulianza Zanzibar Novemba 2023 na ukaja Arusha Agosti 2025. Mikutano ya namna hiyo inaendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ni ya bara zima, na ni sawa. Wa kwenu ni wa nyumbani, hauna sababu ya kuufuata huo katika jambo hili.

Maswali yaruhusiwe kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, hata mada ikiwa imetolewa kwa nyingine, na mshereheshaji alitangaze hilo mwanzoni mwa kila mada, kwa sababu watu hawatalidhani wenyewe. Kwenye fomu ya wito wa mada ongezeni swali moja: "Mada hii utaitoa kwa lugha gani?" na Kiswahili kitangulie katika orodha ya majibu. Fanyeni hivyo kabla hamjaifungua fomu ya mwaka huu, kwa kuwa mtu akishaandaa mada yake nzima kwa Kiingereza hatakuwa na muda wa kuigeuza.